Friji ya Chanjo na Simu za Wachimbaji

Zahanati yetu ilikuwa na vyumba vitatu, na juu ya bati serikali ilifunga vioo viwili vya sola. Kabla ya hapo friji ya chanjo ilitumia mafuta ya taa. Ilitoa moshi mpaka ukuta ukawa mweusi, na mafuta yakiisha nesi alipanda baiskeli kwenda kuyatafuta Tarime. Siku vioo vilipofungwa alikuja bwana afya wa wilaya. Akasimama mbele yetu akasema umeme huu una kazi mbili tu: friji ya chanjo na taa ya chumba cha kuzalishia. Akabandika karatasi ukutani. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, kwa hiyo niliifuata kwa kidole, neno kwa neno, nikaimaliza na nikaielewa. Nalisema hili mapema, mtu asije akanitetea kwamba sikujua.

Nilikuwa mfagiaji pale, na mshika funguo. Nesi alikuwa mmoja, mama wa Kihaya, mnene, mcheshi, sauti yake ukiisikia ng'ombe wanageuka. Jina lake ninalo. Ninayo majina ya wanawake wote waliokaa kwenye lile benchi la kliniki, na ya watoto wao, na najua nani alikuwa anakaa karibu na nani. Siyaandiki, wenyewe wako na wengine wametangulia, lakini nikiwa peke yangu nikipepeta mtama huwa nayataja moja moja.

Ulikuwa wakati wa dhahabu. Vijana walitoka Shinyanga, Singida, wapi na wapi, wakajenga vibanda vya turubai upande wa pili wa mto. Asubuhi ukipita huko unasikia redio tano kwa pamoja na harufu ya chapati, na Mwislamu mmoja kutoka Tarime mjini anazunguka na birika lake la kahawa, anasalimia kila mtu kama ndugu. Watu wanasema ule ulikuwa wakati mbaya. Mimi nilikuwa na nguvu, na kijiji kilikuwa kinacheka.

Mji wangu mwenyewe, yaani nyumba yangu, ulikuwa hivi. Mume wangu alikufa bila kuacha mtoto wa kiume. Kwetu Wakurya mwanamke wa namna hiyo anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti, na watoto atakaowazaa na mwanamume wa nje ni wa mji ule. Nyumba ntobhu, ndivyo tunavyoita. Nikaoa binti kutoka Itiryo, mrefu, mwenye mdomo. Alipopata mimba tukaenda kliniki. Siku hizo serikali ilikuwa inahimiza waume waje na wake zao wafundishwe pamoja.

"Baba yuko wapi?" nesi akamuuliza.

"Si huyo hapo, ameshika ufagio."

Benchi zima likacheka. Nesi akanitazama, akakohoa. "Haya baba, weka ufagio ukae. Leo ni chandarua na lishe, na wewe ndiye nitakayekuuliza maswali."

Akazaliwa mtoto wa kiume. Nilimbeba kuliko mama yake.

Alipokaribia miezi tisa, mwezi wa chanjo ya surua, nesi aliitwa semina mjini siku tano. Akaniachia funguo na kipimajoto cha friji, akanionyesha mahali pa kuandika namba asubuhi na jioni. Siku hiyohiyo akaja mchimbaji mmoja, Msukuma, kofia mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mura, kijana wangu."

"Naomba chaji kidogo tu. Mama yangu anaumwa huko nyumbani, simu imezimika."

Sasa nieleze. Kwetu mtu akija na kigae kuomba kaa la moto, humnyimi, hata kama jana mligombana. Unamchotea, anaondoka, na jiko lako linabaki vilevile. Kunyima moto ni jambo la kusemwa miaka. Nikatazama vile vioo, nikatazama jua, nikaona hata hili ni moto, na linawaka bure huko juu, litapungua nini? Nikachomeka.

Kesho yake walikuja sita. Keshokutwa yake sikuhesabu. Kila simu niliifunga uzi wa rangi yake nisichanganye, na nilifurahi, nisidanganye. Walikuwa wananiita mama, wananiletea sukari. Halafu mawingu yakafunga siku mbili, na umeme wa akiba simu zilikuwa zimeumaliza. Namba za kipimajoto zikapanda, nami nikaziandika kama nilivyoambiwa, vizuri kabisa, bila kujiuliza zinasema nini.

Nesi alirudi asubuhi ya kliniki. Benchi limejaa, kwa kuwa surua ilikuwa imeingia kwenye vibanda vya wachimbaji na mtoto mmoja alikuwa taabani. Mke wangu alikuwa wa tatu kwenye foleni, mtoto wetu mgongoni. Nesi akafungua daftari, akafungua friji, akakaa chini.

"Hizi zimekufa," akasema. "Hakuna sindano leo."

"Tuchomee tu hivyohivyo!" mama mmoja akapaza sauti. "Tumetembea kutoka Susuni!"

"Nikikuchomea maji utarudi nyumbani ukidhani mtoto ana kinga. Nani amegusa umeme?"

Ningeweza kunyamaza. Mawingu yalikuwapo, ningeyasingizia. Nikaona mke wangu ananitazama, naye nyuzi zangu alikuwa ameziona.

"Ni mimi," nikasema. "Nilichaji simu za vijana. Karatasi niliisoma."

Hakuna aliyecheka siku hiyo. Mama wa Susuni alinitemea mate karibu na mguu, akaondoka. Mke wangu, mwenye mdomo ule, akakaza kanga ya mtoto mgongoni akatangulia nyumbani.

Wachimbaji walirudi mchana. "Mama, leo umekuwa mchoyo?" mmoja akanitania. "Kaolewe tena, roho ilainike!"

"Nimeoa," nikamjibu, "na mtoto wangu hana chanjo kwa ajili ya simu yako. Toka."

Tulingoja chanjo mpya siku sita. Sikumtoa mtoto nje ya ua. Kila nikiamka namgusa paji la uso, namfunua tumbo natafuta vipele. Mama yake akawa ananiwekea uji mlangoni bila kuniita.

Siku ya saba bwana afya alikuja na pikipiki, kisanduku cha barafu kimefungwa nyuma. Nilikuwa nimepita nyumba kwa nyumba tangu jana yake, hata kwa mama wa Susuni, hata kwenye vibanda vya ng'ambo, nikiwaita kwa majina, wengine wakinifungia mlango. Walikuja karibu wote.

Zamu yetu ilipofika nesi akauliza nani anamshika mtoto. Nikasogea nyuma, nikajua sina uso wa kumshika. Mke wangu akamfungua mgongoni, akanipa.

"Mshike, wewe baba yake," akasema. "Na umshike vizuri, ana nguvu."

Alilia mpaka wa mtoni wakasikia. Nami nilimkaza kifuani, nikaona vizuri kabisa sindano ikiingia.