Siku Tano Bila Upepo Diepsloot

Nililisikia kabla sijaliona: krr, krr, krr, mlio wa chuma kikavu juu ya mabati ya Diepsloot, mtaa wa mabanda kandokando ya Johannesburg. Mama alikuwa amenituma kutoka Morogoro kumrudisha dada yangu Rehema, aliyefiwa na mumewe, Msauzi waliyeoana naye alipokuwa mkimbizi wa siasa kwetu. "Usirudi peke yako," Mama aliniambia stendi.

Kutoka Tunduma hadi Johannesburg sikuzungumza na mtu, ila kuomba dirisha lifungwe.

Alasiri nilifika kwenye spaza ya Rehema, kiduka cha mabati. Juu ya nguzo lilizunguka kwa upepo pangaboi la mabomba ya plastiki, likiendesha jenereta kuukuu ya gari. Shemeji alilitengeneza kabla hajafa. Waya ulishuka hadi kwenye betri iliyowasha taa moja na redio, na kuchaji simu za mtaa mzima.

"Halina moshi, halinywi petroli," Rehema alisema.

"Na usingizi wetu je?" akadakia Mama Esperansi, jirani Mrundi. "Mumeo kakuachia jogoo asiyejua saa!"

Jioni nilitoa ujumbe wa Mama. Rehema akatazama juu. "Siku tano mfululizo lisipozunguka, nafunga virago. Betri haivuki hapo."

Kesho yake upepo ukakata. Siku ya tatu taa ikawa nyekundu kama kaa. Siku ya nne redio ikanyamaza, wateja wakapeleka simu kwa mwenye jenereta ya petroli. Mama Esperansi, aliyelala vizuri, alituletea mishumaa. Rehema alikunja kanga zake. Nilifurahi, nikaona haya.

Mpwa wangu Lindiwe, asiyejua Kiswahili cha kutosha, aliniuliza kwa Kiingereza kama Morogoro kuna upepo.

"Upo."

"Mwingi?"

Nilimwashia mshumaa.

Asubuhi ya tano, begi la Rehema likiwa mlangoni, vumbi liliinuka barabarani. Krr. Rehema akaketi juu ya begi, akicheka na kulia.

"Eish, jogoo huyo!" Mama Esperansi aliita. "Kaamka!"

"Mwambie Mama limezunguka," Rehema akasema.

"Hataelewa."

"Mwambie hivyo hivyo, mdogo wangu."

Nilikuja nikidhani nashindana na huzuni yake. Kumbe nilishindana na kitu kinachompa taa leo, kesho kinamwacha gizani, naye bado anakisubiri.

Nilibeba begi langu. Vumbi lilikuwa linatuingia machoni. Rehema alinikumbatia, akanisukuma nje taratibu, akafunga mlango upepo usiingie.