Abdulaziz Aliyetuma Mtu Kuomba Radhi

Makambako nzima, ukisikia mtu anaanza kusema "nimekuja kwa niaba ya", usimsubiri amalize. Ametumwa na Abdulaziz.

Abdulaziz ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, na anauza spea za malori karibu na njia panda ya kwenda Songea. Mimi nachomelea vyuma ng'ambo ya barabara, kwa hiyo nipo karibu, na aliye karibu ndiye anayetumwa. Msibani anatuma mtu. Kikao cha wazazi madrasa, anatuma mtu. Kwenye harusi ya Mudy, rafiki yake wa kufa na kuzikana, niliketi mimi kiti cha mbele, na kwenye albamu wameandika jina lake chini ya sura yangu. Mwanawe wa mwisho alipozaliwa, aliyemwadhinia sikioni ni mimi Badru, baba mtu yuko kwenye simu anabishania klachi ya Scania.

Nisimsingizie, si mchoyo. Anayetumwa haondoki mikono mitupu: mchele, sukari, blanketi, vyote vinajaa kwenye begi mpaka zipu inagoma. Ila anaamini kwamba jina lake likifika mahali, basi yeye amefika. Hilo lilikuwa linanichefua muda mrefu, na nilinyamaza kwa sababu ni mkubwa wangu.

Kilichommaliza kabisa ni simu. Alijiunga na mtandao mmoja wa kijamii, ule wa blokucheni, ambako watu wanaandika makala na wengine wanazipigia kura. Kura za kule hazilingani. Aliyeweka tokeni nyingi, yaani sarafu za humo mtandaoni, kura yake ni nzito, mwenye chache kura yake ni nyepesi, na makala iliyopigiwa kura nzito ndiyo inayomlipa mwandishi vizuri. Abdulaziz aliweka nyingi, halafu akagundua kwamba ili upige kura lazima usome. Kusoma akaona ni kazi. Nguvu yake yote akamkasimu Anneth, mwalimu wa historia pale mjini, awe anasoma na kupiga kura yeye.

Neno kukasimu alilitoa kwenye semina ya halmashauri, na tangu siku hiyo halikumtoka mdomoni. Alinieleza mara kumi, kana kwamba mimi ni mgumu wa kuelewa. Tokeni zinabaki zake, Anneth anapewa matumizi tu. Akitaka kurudisha anabonyeza, na baada ya siku tano nguvu imerudi kwake, haijapungua hata chembe. Alikuwa anacheka kwa furaha akisema dunia nzima ingepaswa kuendeshwa namna hiyo. Mimi nilijisemea kwamba ya kwako tayari inaendeshwa hivyo.

Mwaka huu akapata nafasi ya kwenda hija. Kwetu anayekwenda hija huwapitia watu kwanza kuwaomba radhi, na wa kwanza ni mama. Majirani aliwapitia kwa ujumbe mmoja wa sauti kwenye kundi la WhatsApp. Mama yake, shangazi yangu Nasma, anakaa Mjimwema, Njombe, mwendo wa saa moja tu kwa gari. Abdulaziz hakuwa amekanyaga huko kwa miaka miwili. Akaniita dukani, akanikabidhi begi, akaniambia nikamwombee radhi za mama.

Ningekataa. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kuona shangazi atasema nini.

Nilimkuta amejikunyata kando ya jiko la mkaa, sweta mbili mwilini, maana baridi ya Njombe mwezi wa tano haina mchezo. Alikuwa na jirani yake, Eveline, Mbena na Mlutheri wa kweli kweli, ambaye kila jioni huja na viazi vyake wakamenya pamoja. Nikatoa hotuba yangu. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza nimekuja kama nani. Nikajibu kwamba nimekuja kama Abdulaziz.

"Vizuri," akasema. "Kaa hapo chini, Abdulaziz."

Nikakaa mkekani. Kwa saa nzima nilisemwa. Nilisemwa kwa mbuzi aliyesahauliwa mvuani mwaka tisini na nne. Nilisemwa kwa kutoroka chuo, kwa bati la jikoni linalovuja, kwa kuoa bila kuonyesha picha ya mchumba. Nilipojitetea kwamba habari ya mbuzi siijui, shangazi aliniambia nisimwite shangazi, leo yeye ni mama yangu, na nimjibu kwa adabu. Nikasema nisamehe mama. Eveline alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuufurahia mchezo.

Halafu akaja kwenye Idi. Akasema kila Idi anapika pilau, anatenga sahani ya mwanawe, anaifunika, na mchana ukipita anaimega kidogo kidogo yeye mwenyewe asije mtu akaikuta imejaa. Hapo kicheko kilitukatika wote. Nilitamani niwe Abdulaziz kweli, nipate la kumjibu. Niliona haya, nikamuuliza tu kuhusu radhi.

"Mwambie hivi," shangazi akasema. "Kama radhi anaomba kwa kutuma mtu, basi na Makka atume mtu."

Nilimfikishia Abdulaziz maneno hayo jioni ile ile, bila kupunguza. Alicheka. Kisha akauliza kama mama alisema huku anacheka, nikamwambia hapana. Usoni akabadilika rangi. Safari ilikuwa Ijumaa ya wiki inayofuata, na mtu haendi hija mama amekasirika. Unadhani alifanya nini? Alikwenda kumwomba shehe akamsemee. Shehe akamwambia yeye si wa kutumwa. Akarudi dukani, akaanza kunieleza upya kwamba kukasimu si kutelekeza, kwamba mama ni wake na anabaki wake hata akihudumiwa na nani.

Nikapandisha sauti. Miaka yote sijawahi kumpandishia.

"Nguvu yako ya kwenye simu unairudisha kwa siku tano," nikamwambia. "Mama ana miaka sabini na nane. Huyo utamrudisha kwa siku ngapi?"

Jumatano alifunga duka, jambo ambalo hata mafundi walitoka nje kuja kulishuhudia, akaendesha gari mwenyewe mpaka Njombe. Nami nilipanda. Nisingekosa hilo kwa lolote.

Tulipobisha hodi, sauti iliyoitikia haikuwa ya shangazi. Eveline alikuwa ameketi kwenye kiti cha shangazi, amejifunga mtandio wa kijani wa shangazi, mikono juu ya magoti.

"Kamwene," akatusalimu Kibena. "Karibuni mkae. Mama Azizi kaniomba nimwakilishe. Sema shida yako, nitaifikisha."

Abdulaziz alicheka kidogo, akanitazama. Mimi nikatazama dari. Akauliza mama yuko wapi, akajibiwa kwamba mama ana shughuli. Akasema amekuja kuomba radhi. Eveline akamwambia hakuna tabu, radhi zinabaki za mama, yeye amepewa matumizi tu. Nani alimfundisha Eveline lugha hiyo? Ni mimi, kwa simu, na sijutii.

Abdulaziz alibaki amesimama. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, ndevu zimepakwa hina, funguo za gari zinamlia mkononi. Nilimjua tangu utotoni, na kwa mara ya kwanza nilimwona hana wa kumtuma.

"Mimi sikuja kwa mwakilishi," akasema. "Namtaka mama yangu."

Eveline akavua mtandio ule, akaukunja taratibu, akauweka juu ya meza.

"Na yeye anasema hivyo hivyo," akasema. "Mwaka wa pili sasa. Namtaka mwanangu."

Abdulaziz akakaa chini mkekani, akauficha uso kwa viganja. Mlango wa jikoni ukafunguliwa, shangazi akatoka, akamwendea.