Nilivyomficha Hafsa Msiba wa Mama Yake

Mke wangu Mwanaisha alizikwa Chanika, hapa Handeni, Jumamosi saa kumi jioni. Mtoto wetu wa pekee, Hafsa, alikuwa Korogwe, mwendo usiofika saa mbili.

Hakuja.

Watu walimsema sana. Naandika ili wajue mwenye kosa ni nani.

Ni mimi.

Hafsa ana miaka ishirini na sita. Kazi yake ni kuandaa sherehe. Anatafuta ukumbi, mpishi, MC na mapambo, kisha anasimamia kila kitu kiende kwa wakati.

Hakuisomea. Aliipata kwa mama yake. Mtaani kwetu, iwe ndoa au arobaini, Mwanaisha ndiye aliyepanga nani amenye vitunguu na nani apokee wageni. Hafsa alimfuata kama mkia.

"Mama, mbona unaonja sufuria ya mwisho tu?"

"Ya kwanza wanakula wakubwa. Wa mwisho ndio watakaokusema."

Mimi sikuelewa. Nilikata mkonge mchana, jioni nikasoma masomo ya watu wazima mpaka nikapata cheti. Nilitaka binti yangu akae ofisini.

"Hii nayo ni ofisi, baba. Haina kuta tu."

"Na mshahara haina."

"Utakuja, mzee wangu. Wewe tulia."

Sherehe yake ya kwanza, kule Mashewa, alisahau mafuta ya jenereta. MC alimalizia shughuli kwa kupiga kelele. Hafsa akalia siku mbili, kisha akanunua daftari. Hakusahau kitu tena.

Mwaka huu akapata harusi kubwa ya Korogwe mjini. Wageni mia nne! Nikawatangazia wazee wote msikitini. Nilivimba kichwa, sifichi.

Mama yake alikuwa anasumbuliwa na presha. "Nenda," alimwambia Ijumaa. "Ukichemsha, utanikuta nakucheka hapa."

Jumamosi saa mbili asubuhi, Mwanaisha akakata roho.

Mdogo wangu Sadala akasema, "Kaka, mpigie mtoto. Tutamsubiri."

Nikatoka nje na simu. Sikupiga. Niliona wageni mia nne wamekaa, harusi imevurugika, jina la binti yangu limekufa. Na mimi nimeshajisifu.

Nikarudi ndani. "Nimeongea naye. Amesema tuendelee, kazi haiachiki."

"Hafsa kasema hivyo?"

"Unanihoji?"

Sadala akaenda kuwaambia wachimba kaburi.

Saa sita mchana Hafsa akapiga mwenyewe.

"Shikamoo baba. Mama anaendeleaje?"

"Marahaba. Amelala."

Nyuma yake nilisikia watu wakijaribu spika.

"Amelala vizuri?"

"Vizuri kabisa. Fanya kazi."

"Hakuna cha kuniambia, baba?"

"Hakuna."

"Haya."

Jumapili asubuhi akafika. Wanawake waliokaa mkekani hawakumsogezea nafasi. Shangazi yake, Rukaya, akamvaa.

"Wewe! Ulisema mama yako azikwe tu, wewe unapamba harusi za watu?"

Nilikuwa mlangoni. Nilitakiwa kusema.

Hafsa akanitazama. Kisha akainamisha kichwa.

"Ndiyo, shangazi. Nilisema mimi. Mnisamehe."

Watu walipopungua nikamfuata uani.

"Mwanangu, nilitaka nikuambie leo..."

"Nilijua jana, baba. Jirani yetu Chausiku alinitumia pole saa tano. Daftari nilishamwachia msaidizi wangu. Gari lilikuwa linaningoja nje ya ukumbi."

"Sasa mbona hukuja?"

"Nilikupigia uniambie njoo."

Akaanza kukusanya vyombo.

"Ukasema amelala. Nikajua umeshawaambia watu kitu. Ningetokea pale, ungeumbuka mbele ya msiba. Nikamrudisha dereva."

Akaenda kuosha vyombo.

Harusi ile ilisifiwa kila kona. Sasa anapigiwa simu mpaka kutoka Tanga. Juzi nimetazama video yake. Saa ya ukutani inaonyesha saa kumi, na MC anawaita akina mama wakumbatiwe na watoto wao. Ukumbi mzima unapiga vigelegele. Hafsa yuko pembeni, ananyoosha kitambaa cha meza ambacho kimeshanyooka. Anakinyoosha tena. Na tena.

Mzee mwenzangu, msiba ukikufika, mpigie mtoto. Usimchagulie wewe cha kupoteza. Harusi ikivurugika watu watanuna wiki mbili, basi. Hili letu halina wiki.

Na kama umeshadanganya, sema.

Rukaya, ukisoma hapa: Hafsa hakulisema neno lile. Nililisema mimi. Nenda kamwombe radhi, kisha uje unitukane mimi. Nipo nyumbani.