Taa Nyekundu ya Bani la Goweko

Mimi ni mtu wa kukaa ndani. Safari ya kutoka Tabora mjini mpaka Goweko kwa shemeji, mume wa dada yangu, huitafutia udhuru wiki nzima. Ndiyo maana nilimtengenezea kile kiboksi: kipime joto la bani lake la kukaushia tumbaku, kililinganishe na la saa moja iliyopita, na likipanda haraka mno kiwashe taa nyekundu. Majani yakikimbizwa na moto kabla hayajawa manjano hubaki ya kijani, na hayauziki. Jasho la mwaka mzima la shemeji lilikuwa ndani ya bani hilo moja.

Mezani kwangu taa iliwaka vizuri. Kisha programu niliyokiandikia ikazidi nafasi ya chipu yake, nikaiamuru kompaila, ile inayogeuza maandishi yangu kuwa lugha ya mashine, iibane, nikakituma kiboksi kwa basi bila kukijaribu tena. Kidato changu cha nne kiliniambia inatosha.

Siku ya tatu shemeji akapiga simu.

"Shikamoo, injinia. Taa yako ina adabu, haijaniangalia hata mara moja."

"Basi moto umetulia, shemeji."

"Nami nikachochea kuni kwa kuiamini. Leo nimegusa mlango, mkono nimeutoa mbio. Majani ya safu za chini yameungua na ukijani wake."

Miaka yote alipima bani kwa kiganja mlangoni. Aliacha kwa ajili yangu.

Kiboksi kikarudishwa kwa basi, na siku mbili niliitukana kompaila bure; kosa lilikuwa langu. Kila dakika kumi programu ilisogeza vipimo nafasi moja, kipya kikae mbele. Nilitumia memcpy, amri ya kunakili yenye sharti: unakotoa na unakopeleka pasigusane. Mimi nilinakili orodha juu ya orodha hiyohiyo. Ukivunja sharti hilo, C, lugha niliyoandikia programu, haikuahidi kitu. Kompaila hufanya itakavyo, wala haikuonyi. Mwanzo, kwa bahati, kunakili kulianzia nyuma. Baada ya kubanwa kukaanzia mbele, kipimo kimoja kikavifunika vyote. Joto likawa linalinganishwa na la dakika kumi tu zilizopita; lingeonekanaje kupanda haraka? Ilifaa memmove, inayonakili salama hata pakigusana, ambayo sikuijali nilipoisoma, nikaona ni ya waoga.

"Nimerekebisha," nikamwambia shemeji. "Nakituma kesho."

"Kije na mwenyewe. Majani ya safu za juu bado mabichi. Taa iwake isiwake, siku nne mkono wa kugusa mlango ni wako."

Nikaanza kueleza habari za mgongo wangu. Dada akachukua simu.

"Njoo na kandambili," akasema. "Za hapa hazikutoshi."