Kifuniko cha Sufuria Kimewekwa Ndani

Kumepambazuka kwenye kituo cha Kawangware 46, Nairobi. Filister Akeyo anaingia katikati ya barabara, anainua kifuniko cha sufuria juu ya kichwa, na matatu ya kwenda mjini inafunga breki.

"Mathe, tutoke! Tunachelewa tao!" konda anafoka mlangoni.

"Chelewa ukiwa mzima!" anajibu bila hata kugeuka.

Nyuma yake wanafunzi wanavuka wakishikana sweta. Wakiisha, anarudi kukoroga uji anaouza mkabala na lango la shule ya msingi, hadi kundi lingine likusanyike.

Kifuniko hiki ni kipya. Kile cha kwanza kimewekwa ndani, kituo cha polisi. Si mzaha.

Filister, 52, mpangaji wa chumba kimoja katika mtaa wa Kongo, hapa hapa Kawangware, hakuitafuta kazi hii. Mwaka juzi bodaboda ilimgonga Ciru, msichana wa darasa la pili, ikamvunja mguu na kutokomea. Filister alikuwa akifunika uji. Alikimbia, akasimama mbele ya mtoto, na lori lililokuwa likija likasimama.

"Sikujua hata nimeshika kifuniko," anasema. "Nikashangaa, kumbe hawa watu wanaweza kusimama!"

Yeye na wazazi walienda kuomba matuta na mtu wa kuvusha watoto, wakazungushwa ofisi hadi ofisi. Mamlaka ya barabara ilisema matuta ni ya kaunti. Kaunti ikasema kuvusha watoto ni kazi ya polisi. Polisi wakasema hawana mtu wa kuweka pale. Shule nayo ikasema kazi yake inaishia getini.

"Ai! Kwani hiyo lami ilianguka kutoka mbinguni?" anauliza, mwiko mkononi. "Lakini wakikuja kuitisha ushuru wa uji, kila mtu anajua hapa ni kwake."

Wiki jana alisimamisha gari la mkubwa mmoja. Kesho yake asubuhi, Koplo Kimotho akafika.

"Mama, wewe si afisa wa trafiki."

"Basi leta afisa, afande, mimi nirudi kwa uji yangu."

Afisa hakuletwa. Filister alishtakiwa kwa kusimamisha magari bila idhini, akaachiliwa kwa dhamana, na kifuniko kikazuiliwa kama ushahidi. Sufuria ikalala kichwa wazi.

Osewe, fundi wa mabati wa Kawangware 56, aliposikia alimtengenezea kingine, kikubwa zaidi, akakipaka rangi nyekundu na kukataa malipo.

Wacera, msusi na mama yake Ciru, hana subira na habari hizi. "Filister walimpata haraka sana," anasema. "Aliyemgonga mtoto wangu hawajampata mpaka leo."

Filister ameambiwa kesi inaweza kuisha kimyakimya: aahidi tu kwamba hataingia barabarani tena. Amekataa katakata.

"Naogopa, nisikudanganye. Sijawahi kusimama mbele ya hakimu, na nikifungwa, nyumba yangu italala njaa. Lakini niahidi nini? Nikae hapo nikoroge uji, nikitazama mtoto wa mtu akigongwa?"

Kesi itasikizwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Amepanga kuwasha jiko mapema kuliko kawaida.

"Kwanza nitavusha watoto, wote," anasema, akifuta kifuniko chake chekundu kwa leso. "Halafu naenda kortini na hiki. Wakikichukua, wachukue. Osewe bado ana mabati."