Aliingia, Hakuingia?

Kila Jumapili, nikishaanika nguo uani, nilimsimulia mdogo wangu tamthilia. Yeye yuko Tanga, mimi niko Johannesburg, katika chumba cha nyuma nilichopanga mtaa wa Kensington. Nilirekodi sauti kwenye simu, nikatuma, nikasubiri kialama cha maikrofoni kigeuke buluu, yaani amesikiliza.

Tamthilia hiyo iliandikwa kwa Kilatini zamani sana, kutokana na hekaya ya Wayunani. Kilatini nimejifundisha mwenyewe kwa kamusi kuukuu, kwa hiyo nilisonga polepole. Hapa sina wa kumsimulia. Binti yangu husikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, naye ana Jumapili zake.

Ndugu wawili waligombea ufalme. Mmoja akafukuzwa, akaishi ugenini miaka mingi. Kisha yule aliyebaki akamtumia salamu: rudi, tutawale pamoja. Akarudi na wanawe. Alipoliona lango la kwao, miguu ikawa mizito, akataka kugeuka. Nikaishia hapo.

Jibu lilikuja jioni.

"Kaka, unatuachaje langoni? Aliingia, hakuingia? Shemeji yako kaacha sufuria jikoni anasikiliza." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini: "Na wewe, Idi hii njoo. Nyumba ya baba ina nafasi. Yaliyopita tuyaache."

Nyumba hiyo ndiyo iliyotugombanisha baba alipofariki, nami nikaja huku. Na nilikuwa nimeshasoma mbele. Yule ndugu alimkumbatia mgeni wake, akamkalisha mezani, akamlisha nyama ya wana aliokuja nao, kisha akamwonyesha vichwa vyao.

Kumsimulia hayo baada ya mwaliko ilikuwa sawa na kumjibu. Kubadilisha mwisho sikuweza, sisomi hivyo. Nikanyamaza Jumapili moja, kisha nyingine. Akauliza, "Unaumwa?" Baadaye hakuuliza tena. Nilianika nguo, nikakaa, nikawasikia majirani wakicheka kwa Kizulu ng'ambo ya ukuta.

Mwishowe nilirekodi yote, hadi vichwa. Nikamalizia: "Ndivyo ilivyoandikwa. Sikukusudia wewe." Kialama kikageuka buluu.

Jumapili iliyofuata sauti yake ikaja. Nyuma yake mafuta yalikuwa yakichemka kikaangoni.

"Kaka, nimekusikia. Basi ukija, pilau ya nyama hakuna. Nitakukaangia samaki, kolekole mzima, na kichwa chake, umtazame machoni ndipo ule. Sawa?"

Nilicheka peke yangu, mpaka mbwa wa mwenye nyumba akabweka. Kisha nikasikiliza tena. Safari hii nilisikia lililonipita mwanzo: lile "sawa" lilikuwa linatetemeka.

Nikabonyeza kurekodi.

"Nitakuja," nikasema. "Ila unisubiri langoni, tuingie pamoja."

Nikatuma, nikakaa karibu na nguo mbichi kuisubiri buluu.