Nyumba Iliyojaa Shida Zangu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyomwona mke wangu nyuma ya baiskeli ya ndugu yangu, amemshika kiunoni, kichwa kimelala mgongoni kwake. Mimi nilikuwa mnadani Nkololo, nimezungukwa na watu, nikiwasimulia shida zangu.

Ndugu huyo ni Doto, pacha wangu. Mimi ni Kulwa, niliyetangulia kuzaliwa. Tulioa mwaka mmoja, tukajenga nyumba zinazotazamana. Kisha ugonjwa wa mifugo ukaingia kijijini, maksai wangu wanne wakafa ndani ya wiki moja. Wa Doto wakati huo walikuwa Lingeka, wanalima kwa wakwe zake. Walirudi wote wazima, tena wamenenepa.

Hapo ndipo nilipoharibika. Kwa mkulima wa pamba kupoteza maksai si jambo dogo, na sikukosea kuhuzunika. Nilikosea kukaa humo. Mtu akinisalimu "Mwangaluka", hajapumua nimeshafika kwenye kifo cha ng'ombe wa pili. Nyumbani ndiyo usiseme. Minza, mke wangu, akitenga ugali mimi nasimulia, akiondoa vyombo bado nasimulia. Na kila asubuhi nikitoka nje nawaona maksai wa Doto, roho inaniuma kana kwamba ameninyang'anya wangu. Siku moja alivuka kuja kwangu.

"Kulwa, chukua jozi moja ulime. Mvua imeshanyesha."

Nikamjibu kwamba sijafikia hatua ya kulimiwa kwa huruma. Shamba lake likaota pamba, langu likaota magugu, na hayo magugu nayo nikayaongeza kwenye masimulizi.

Basi nilipoiona ile baiskeli ikipita, damu ilinipanda. Nikajiambia: maksai anao, pamba anayo, sasa na mke wangu. Nikachukua fimbo, nikaenda moja kwa moja hadi kwa Doto kumsubiri. Nikamkuta mama yetu, aliyekuwa akiishi kwa Doto, yuko uani anafua kanga za Minza. Maji ya kwenye beseni yalikuwa mekundu.

"Mayu, mke wangu anapelekwa wapi na Doto?"

"Kituo cha afya. Mimba imetoka tangu juzi, na damu haijakata."

"Mimba gani?"

Mama aliacha kufua, akanitazama. "Ya miezi mitatu, Kulwa."

"Mbona hakuniambia?"

"Angekuambia saa ngapi? Juzi nilimtuma mwenyewe aje akuambie. Akakukuta unaanza habari za maksai, akasubiri umalize, hukumaliza. Akarudi kwangu analia." Akaiangalia fimbo mkononi mwangu. "Ng'wanone, mwanangu, kabla yenu nilizika watoto wawili. Nililia sana, hakuna aliyenikataza. Lakini hata nikilia niliwauliza watu wa nyumba yangu wameamkaje. Wewe mara ya mwisho kumuuliza Minza ni lini?"

Nikuambie ukweli, maana kwa umri huu sina sababu ya kujipamba: jambo la kwanza nililohisi halikuwa aibu. Lilikuwa wivu, kwamba Doto amejua kabla yangu. Aibu ilinikuta njiani, nikiwa nakimbia, fimbo nimeshaitupa.

Doto alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, shati lina damu. Aliinuka, akanipisha mlangoni. Minza alikuwa amelala, midomo imepauka. Muuguzi alisema wangechelewa kidogo tu tungekuwa tunaongea mengine. Nikakaa kitandani nimwombe msamaha, na unajua nilianzaje? "Minza, tangu maksai wangu wafe..." Nikaona macho yake yanageukia ukutani. Nikayaacha ya maksai hapo hapo.

"Ilianzaje?" nikamuuliza.

Alinitazama sana, kama mtu asiyeamini. Kisha akaanza kusema, polepole, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilimsikiliza mke wangu mpaka mwisho.

Alipona. Wiki iliyofuata nilivuka kwa Doto kuomba ile jozi. Akanifungulia zizi, hakunikumbusha kitu. Wivu haukuisha siku hiyo, nisikudanganye. Mavuno yake yaliponizidi uliniuma tena. Ila nilijifunza kwamba ulimi ukianza kuelekea kwenye shida zangu, nimuulize aliye mbele yangu habari zake, kisha ninyamaze asimulie. Baadaye Mungu alitupa mabinti wawili. Yule wa kwanza, tuliyempoteza kabla hajazaliwa, tunamtaja bado, mimi na Minza.

Nawaona ninyi vijana wa leo, hapa Bariadi mjini, mnaamka na shida zenu kwenye simu, mnalala nazo, na katikati mnachungulia maisha ya wenzenu na kuumia. Mwanangu, sikuambii ufiche maumivu. Yaseme kwa mtu anayekupenda, ulie, usaidiwe. Mkono ukinyooshwa kukusaidia upokee, hata ukiwa wa yule unayemwonea wivu. Ukishasema, nyanyuka ufanye kazi ya siku hiyo, na uwaulize walio nyumbani kwako wanaendeleaje. Usikie jibu lote. Huenda aliye karibu nawe anaumia kuliko wewe, na anasubiri tu umalize kuongea.

Mungu akuponye kila linalokuuma. Akupe nyumba ambayo kila aliyemo anasikilizwa, na wazee wa kukukemea ungali na muda. Nenda salama, mwanangu.